Mkono si Mbovu, Rimoti ni Feki

Jamani, leo sikuleta hadithi wala shairi. Nimeleta ugomvi. Nina ugomvi na watu watatu: mfanyabiashara anayetuuzia vitu vya kanyaboya, mtetezi wake anayesema feki ni msaada kwa mnyonge, na yule msomi wa kijiweni anayesema gemu ni mambo ya watoto, kwa hiyo tukiingizwa mjini ni shauri yetu. Nitawajibu wote, mmoja mmoja. Lakini kwanza nisikilizeni kisa, maana bila kisa mtasema napiga porojo.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yupo Mkunya, kwetu huko Newala. Msimu mmoja mjomba aliuza korosho vizuri, na kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kupita njia. Alimwita dogo akamwambia, "Mpwa wangu, hizi si za soda. Fanya jambo lionekane." Dogo akafungua banda la gemu.

Mabanda ya gemu tunayajua. Televisheni mbili, PlayStation, mpira, kelele. Dogo hakutaka kuwa mtu wa kumi kwenye biashara ileile. Akapata Wii ya mtumba kutoka Dar es Salaam, ile mashine ya Nintendo iliyotoka mwaka 2006, ambayo huchezi kwa kubonyeza tu bali unacheza kwa mwili. Ukitaka kupiga tenisi unarusha mkono kama mwenye raketi. Ukitaka kutupa tufe unatupa. Mashine ilikuja na rimoti moja, imechubuka, imegeuka rangi kama jino la mvuta sigara. Wachezaji wanaweza kuwa wanne, kwa hiyo zilitakiwa tatu zaidi. Dogo akapanda gari mpaka Masasi, akaingia duka moja, akatoka na tatu mpya, ndani ya maboksi, nailoni haijachanwa. Kila moja ilimla bei ya kilo kumi na tano za korosho. Muuzaji alimwapia, "Orijino hizi, mdogo wangu. Ukiona tofauti, rudisha."

Tofauti ilionekana siku ya pili. Moja ilikuwa inakata mawasiliano katikati ya mchezo. Ya pili ukipiga leo, yule mtu wa kwenye televisheni anapiga kesho. Ya tatu mshale wake ulitetemeka kwenye kioo kama mgonjwa wa malaria. Ile kuukuu, yenye mikwaruzo, ikawa inachapa kazi bila wasiwasi, na watoto wakaanza kuigombania. Dogo aliporudi dukani akaambiwa, "Wewe umezidondosha." Mchezo ukaishia hapo.

Sasa sikieni kilichoniuma. Kulikuwa na mtoto mmoja, wa miaka tisa au kumi, aliyekuwa akija na mia mbili yake ameifumbata kiganjani. Siku hiyo mimi nilikuwepo. Zamu yake ikaangukia rimoti mpya. Akapiga, hola. Akapiga tena, hola. Wenzake wakacheka. Akaiweka chini taratibu akasema, "Kaka, mkono wangu haujui." Kesho yake alikuja, akaegemea ukuta, akatazama tu.

Mkono wake haujui! Mtoto anayepanda mwembe kama ngedere, anayelenga embe kwa jiwe likaanguka, leo aambiwe na plastiki kwamba mkono wake haujui, naye akubali. Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ndiyo mnayoisoma.

Tuingie ndani ya kitu chenyewe, maana ugomvi usio na ujuzi ni kelele. Katika rimoti halisi ya Wii kuna kidude kidogo cha kupima mwendo: ukiipeleka juu au chini, kushoto au kulia, mbele au nyuma, kinahisi. Kwenye ncha yake, nyuma ya kioo cheusi, kuna kamera ndogo inayoona mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Ile fimbo inayowekwa juu au chini ya televisheni, ambayo watu huiita sensa, haihisi kitu chochote. Ni taa tu za infraredi, fungu moja kila upande. Kamera ya rimoti ndiyo inayoziona na kupiga hesabu imeelekezwa wapi. Hata mishumaa miwili iliyowashwa na kutenganishwa kidogo inaweza kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia sensa orijino ni mali adimu, mwambie akusubiri, unakwenda kununua mishumaa. Mwaka 2009 Nintendo wakaleta MotionPlus, kifaa cha kuchomeka kinachohisi mkono unavyozunguka, na mwaka 2010 wakakitia ndani ya rimoti yenyewe.

Sasa jiulize: anayetengeneza kopi atabania wapi? Hawezi kubania kwenye ganda, kwa sababu ganda ndilo unaloliona dukani. Hawezi kubania kwenye boksi, kwa sababu boksi ndilo linalouza. Atabania ndani, kwenye kidude cha kupima mwendo, kwenye kamera, kwenye spika, mahali ambapo huoni. Padi ya kawaida ikiwa feki, kitufe kinakwama na wewe unaona kimekwama. Hii haikwami. Inachukua mwendo wako wa kweli na kuutolea ushahidi wa uongo. Ndiyo maana mtoto anajishtaki mwenyewe.

Nianze na mfanyabiashara. Anao msemo wake: "Bosi, ipo orijino, ipo kopi, mfuko wako tu." Msemo huo ungekuwa wa haki kama angeusema kila siku na kwa kila mteja. Kiwanda kikitengeneza rimoti yake, kikaandika jina lake, kikasema hii inafaa kwa Wii, mimi sigombani nacho hata kama kitu ni dhaifu. Kimesema jina lake. Ninayegombana naye ni yule anayebandika jina la mwenzake. Huyo hauzi kopi, anauza uongo uliofungwa kwa nailoni. Na msiseme nchi haina sheria. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo inayoisimamia. Kuuza bidhaa bandia ni kosa, na ni kosa hata kama mteja ni mtoto wa Mkunya mwenye mia mbili.

Najua atajitetea kwamba na yeye aliuziwa hivyohivyo Kariakoo. Inawezekana. Mji huohuo watu wamewahi kununua simu ndani ya boksi wakafika nyumbani wakafungua kipande cha sabuni. Lakini wewe wa dukani, uliponunua hukuwasha hata moja? Ulitaka kutokujua, maana anayejua hawezi kuapa.

Wa pili ni mtetezi. Huyu ana maneno ya huruma: "Maskini atapata wapi orijino? Feki angalau inamfikisha." Inamfikisha wapi? Pigeni hesabu. Rimoti tatu, kilo kumi na tano kila moja, ni kilo arobaini na tano za korosho: palizi, kupuliza dawa, kuokota kwa mgongo ulioinama, kubeba hadi ghalani. Zote hizo zimekwenda kwenye vitu vitatu visivyojua kushoto wala kulia. Tajiri akiuziwa feki anatupa, ananunua nyingine. Maskini akiuziwa feki amenunua mara moja tu na kwisha. Kwa hiyo feki humuumiza maskini kuliko mtu yeyote, na anayemwambia ndiyo saizi yake anamtukana.

Tena huyo mtetezi hajui jambo moja la kushangaza kidogo, nami naomba mlishike vizuri. Mwaka 2013 Nintendo walitangaza kuacha kutengeneza Wii kwa ajili ya Japani na Ulaya. Mdogo wake, Wii U, aliyetumia rimoti hizohizo, aliachwa mwaka 2017. Maana yake ni kwamba rimoti inayong'aa leo, iliyojaa dukani kwa maboksi na kwa bei ya chini, ina kila sababu ya kutiliwa shaka. Iliyo halisi, mara nyingi, ni ile iliyochoka: imetoka kwenye nyumba ya mtu, ina mikwaruzo, kamba yake imechafuka. Kwetu hili si geni. Nani asiyejua kwamba shati la mtumba linaweza kuzika mashati mawili mapya ya dukani? Basi mnajua tayari. Ila mkifika kwenye vitu vya umeme, akili ya mtumba mnaiacha nje pamoja na viatu.

Na hapa nawageukia watu wa kwetu hasa, kuanzia Masasi mpaka Newala na Tandahimba. Sisi ni watu wa kupimwa. Korosho yako ikifika kwenye chama cha msingi inatazamwa, inapimwa unyevu, inapasuliwa waone kiini, inapangiwa daraja la kwanza au la pili. Hakuna anayekubali kwa kiapo chako kwamba ni nzuri. Ikionekana imechanganywa na mbovu, bei inashuka hapohapo mbele ya macho yako. Sawa, biashara ndivyo ilivyo. Lakini mbona pesa hiyohiyo ukiipeleka dukani, wewe hupimi? Korosho yetu inapasuliwa, boksi lao tunaona haya kulifungua! Tumezoeshwa kwamba cha kwetu lazima kithibitishwe na cha kutoka mbali kiaminiwe. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mengine yote ni maganda.

Na kupima tunajua. Mchonga vinyago hadanganywi na mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu ukaitwa mpingo. Anaupima uzito kwa mkono, anaukwaruza chini, akitaka anauchovya majini, maana mpingo huzama. Basi rimoti nayo ina mahali pa kukwaruza. Usinunue bila kujaribu kwenye mashine inayowaka. Iunganishe mbele ya muuzaji, kisha iache robo saa uone kama itakata. Elekeza kwenye kioo, shika mkono kimya, tazama kama mshale unatulia. Sikiliza spika yake, maana halisi inayo na kopi nyingi hukoroma au hunyamaza. Ile yenye MotionPlus ndani imeandikwa hivyo usoni pake, chini. Lakini maandishi hunakiliwa, kwa hiyo weka Wii Sports Resort, gemu ambayo bila MotionPlus haichezeki, uchukue upanga. Upanga ukifuata kifundo cha mkono wako bila kuteleza, lipa. Muuzaji akikataa kujaribu, hilo nalo ni jibu. Sema ahsante, ondoka.

Wengine wataona napigana na biashara huria. Hapana. Wazee wetu wanatusimulia miaka ya themanini mwanzoni, sabuni haipatikani, kiberiti ni bahati. Ruksa ya Mzee Mwinyi, aliyekuwa Rais tangu 1985 hadi 1995, ilijaza maduka, na hakuna mwenye akili anayetaka kurudi kwenye foleni ya sabuni. Lakini ruksa ilikuwa ya kuuza. Hakuna aliyetoa ruksa ya kudanganya.

Amebaki msomi wa kijiweni. Huyu anasema nchi ina shida ya maji, ina shida ya barabara, bei ya korosho inapanda na kushuka, halafu kijana mzima anaandika kurasa nzima kuhusu rimoti ya gemu. Kaka, nimekusikia. Maji nayajua, nimebeba ndoo. Ila niambie: mtu aliyezoeshwa tangu utoto kwamba chombo kikikosea ni mkono wake mbovu, huyo ndiye atakayesimama kesho kwenye mkutano wa chama cha msingi aulize mizani imepimwa lini? Atanyamaza. Atasema labda mimi ndiye sikukausha vizuri. Unyenyekevu huo haukuanza kwenye mizani, ulianza kwenye mambo madogo, mojawapo lile banda la mia mbili.

Na ninyi mnaoandika, msicheke, mmo. Wangapi kati yetu tumeshika kalamu tukaandika hadithi za baridi na theluji, za wapelelezi wenye makoti marefu, kwa sababu tuliuziwa kwamba hadithi ndiyo hiyo? Zikagoma kuwa hai. Tukasema, "Sina kipaji." Kipaji kilikuwepo. Chombo ndicho kilikuwa cha mtu mwingine, tena kopi. Mwandishi wa Mkunya aliyeandika juu ya mgongo ulioinama chini ya mkorosho na akashindwa, ameshindwa kwa haki na kesho atajaribu tena. Aliyeandika theluji asiyoijua hata hajui ameshindwa wapi.

Dogo hakufunga banda. Alikopa, akapata rimoti mbili kuukuu kwa mtu aliyekuwa akihama, akazijaribu jioni nzima kabla ya kutoa pesa. Zile tatu mpya hakuzitupa. Amezitundika mlangoni kwa kamba zake, na kwenye ganda la kila moja ameandika kwa maka: FEKI. Watoto wakiingia huuliza, naye huwaeleza.

Yule mtoto sijamwona tena. Mnaokaa Mkunya, mkimkuta popote, mwambieni arudi. Mwambieni mkono wake ulikuwa unajua.