Wikiendi Ulaya: Mfanyabiashara wa Buguruni apige hesabu kwanza

Yapo matumizi ambayo mfanyabiashara huyaita mtaji ili moyo wake utulie. Safari ya mwisho wa wiki katika mji mkuu wa nchi ya Ulaya ni mojawapo. Katika maduka ya Buguruni, kuanzia sokoni hadi Malapa, yupo aliyekwenda Dubai na Guangzhou akarudi na mzigo, na sasa anaona zamu ya London, Paris au Brussels imefika. Maoni ya safu hii ni kwamba safari hiyo si haramu, lakini kwa muuzaji mdogo anayekwenda peke yake, tena Jumamosi na Jumapili, haiwezi kuitwa biashara.

Kwanza tukubali kwamba hamu hiyo ina historia yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 fedha za kigeni zilikuwa mali ya kuombea kibali. Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984, na Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ikafungua njia ya maduka ya kubadilishia fedha. Hata hivyo, msafiri wa wakati ule aliyepita Brussels na Paris alibadilisha faranga mara mbili. Tangu Januari 2002, noti za euro zinatumika katika miji hiyo yote miwili, na viza moja ya Schengen inafungua nchi 29. Njia imekuwa nyepesi. Lakini wepesi wa njia hauongezi faida dukani.

Tuanze na siku zenyewe. Anayeondoka Dar es Salaam Ijumaa usiku anatua Ulaya Jumamosi, akiwa na usingizi machoni, na lazima awe njiani kurudi Jumapili usiku au Jumatatu. Jumapili ya Ulaya si Jumapili ya Kariakoo. Ujerumani, sheria inayafunga maduka mengi siku hiyo, kwa hiyo aliyepanga kufanya manunuzi Berlin atatembea akitazama vioo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1994, maduka makubwa huruhusiwa kufungua kwa saa sita tu. Brussels kuna soko kubwa la Jumapili asubuhi karibu na stesheni ya Midi, lakini hilo ni soko la rejareja. Mtu wa kuzungumza naye bei ya jumla, meneja wa ghala, wakala wa meli na karani wa benki, wote wako majumbani mwao.

Aidha, mji mkuu si lazima uwe ndiko biashara iliko. Maghala ya kuchambua mitumba kwa kawaida hayajengwi mkabala na hoteli za watalii. Mwenye kutafuta magari na spea atasikia sifa za mtaa wa Heyvaert jijini Brussels, ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa magari yaliyotumika yanayopelekwa Afrika. Asisahau kwamba usukani wa magari hayo uko kushoto. Yanafaa Kongo na Afrika Magharibi kuliko barabara ya Uhuru.

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, kila msomaji aweke zake. Tuseme muuza mitumba anabakiwa na faida ya sh. 60,000 kwa kila robota, na safari nzima, yaani tiketi, viza, bima, hoteli na chakula, inamla sh. milioni 5. Atahitaji kuuza marobota 84 ili kurudisha fedha hiyo. Kama anauza matatu kwa wiki, ni wiki 28. Kwa zaidi ya miezi sita atakuwa anafanya kazi ya kulipia siku mbili, na kodi ya pango haitamsubiri.

Atakayejibu kwamba safari itampatia mzigo wa bei nafuu naye apige hesabu. Tuseme amepata punguzo la sh. 20,000 kwa robota. Atahitaji marobota 250 kabla safari haijajilipa, na kwa matatu kwa wiki hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Lakini mwagizaji wa kontena la futi 40, lenye marobota 500 hivi ya kilo 45, anaokoa sh. milioni 10 katika kontena moja. Safari ni ile ile na tiketi ni ile ile. Tofauti iko kwenye wingi wa mzigo. Ndiyo maana mwagizaji mkubwa akipanda ndege anafanya biashara, na muuzaji mdogo akimwiga anafanya starehe.

Je, mdogo afunge mdomo akae? La. Wauzaji kumi wa aina moja ya nguo wanaweza kuchanga sh. 500,000 kila mmoja na kumtuma mwenzao mmoja. Kwa pamoja wanauza marobota 30 kwa wiki. Punguzo lile lile la sh. 20,000 linawaletea sh. 600,000 kila wiki, na kufikia wiki ya tisa gharama ya safari imerudi. Sharti ni kwamba wawe tayari kuchangia nafasi katika kontena la mwagizaji mkubwa, maana bila njia ya kuleta mzigo hata bei nzuri itabaki kwenye karatasi. Sharti la pili ni maandishi: nani anatumwa, anakwenda kuuliza nini, anarudi na risiti zipi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya watu kumi hupotea haraka zaidi.

Mjumbe huyo aende Jumanne, arudi Ijumaa. Aombe miadi kabla ya kununua tiketi, na barua ya mwaliko kutoka kwa mwenye ghala iwe mkononi wakati wa kuomba viza. Ada ya viza ya Schengen imekuwa euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi mtu akikataliwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, nayo hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Viza hiyo haimwingizi mtu Uingereza. Anayetaka London na Paris kwa treni moja ajiandae kulipia viza mbili.

Hapa ndipo wengi wa Buguruni hukwama. Fedha zao zinazunguka mkononi, kwenye simu na kwenye upatu, lakini benki haizijui. Ofisa wa viza anasoma taarifa ya benki. Akaunti iliyolala miezi mitano kisha ikajazwa mamilioni siku moja inamwambia kwamba fedha hiyo imeazimwa. Dawa ni kuanza mapema kupitisha mauzo benki, na faida yake ni kubwa kuliko viza, kwa kuwa karatasi hiyo hiyo ndiyo itakayotazamwa na mkopeshaji siku ya kuomba mkopo.

Wapo pia wanaosema kodi ya mauzo hurudishwa uwanja wa ndege, kwa hiyo manunuzi ni nafuu. London walifuta utaratibu huo Januari 2021. Nchi za Ulaya bara bado wanao, lakini ni kwa vitu vya matumizi binafsi ya msafiri, si mzigo wa kuuza. Na begi la bidhaa za kuuza likitua Dar es Salaam lina ushuru wake. Anayebeba fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi lazima azitangaze aingiapo Ulaya.

Wahenga walisema mtembea bure si mkaa bure. Ni kweli, na mwenye duka aliyefanya kazi miaka kumi bila likizo ana haki ya kwenda na mkewe kuuona mnara wa Eiffel. Lakini aulipie kwa faida iliyokwisha kutengwa, na kwenye daftari auandike katika safu ya matumizi. Fedha ya kununulia mzigo wa mwezi ujao isipande ndege. Duka likiwa tupu siku ya Jumatatu, mteja atavuka barabara kwenda kwa jirani.