Seva kuukuu ni deni lisiloandikwa daftarini

Mfanyabiashara wa jumla wa Kiwalani anajua kuhesabu hasara ya mchele ulioingia maji au ya kontena lililochelewa kutoka bandarini. Hasara ambayo wengi hawaiingizi katika hesabu imekaa nyuma ya kaunta. Ni ile seva ya mtumba yenye mfumo endeshi wa zamani, inayotunza bei, madeni ya wateja na orodha ya mali iliyo stoo. Kwa kuwa bado inawaka, huchukuliwa kuwa haigharimu kitu.

Huko ni kujidanganya. Kampuni ya Microsoft iliacha kuhudumia Windows Server 2003 Julai 14, 2015. Toleo la 2008 lilifuata Januari 14, 2020, na la 2012 Oktoba 10, 2023. Baada ya tarehe hizo, mteja wa kawaida haletewi tena viraka vya usalama. Aidha, kila kiraka kinachotolewa kwa toleo jipya humwonyesha mwizi mahali pa kujaribu katika toleo la zamani, kwani matoleo hayo hurithiana sehemu kubwa ya programu.

Somo lilitolewa Mei 12, 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Kiraka cha matoleo yaliyokuwa yakihudumiwa kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huo, lakini wengi hawakukiweka. Wenye Server 2003 walipata chao siku moja baada ya balaa kuanza. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa.

Wapo wanaodai kuwa mwizi wa mitandaoni hana haja na duka la Kiwalani. Hoja hiyo haina nguvu. Virusi vile havikuchagua tajiri wala maskini. Vilijisambaza vyenyewe kutoka mashine hadi mashine kupitia huduma ya kugawana mafaili.

Hoja nzito zaidi ni ya mtaji. Hata hivyo, sheria ya kodi ya mapato ya 2004 imekwisha kukiri kwamba kompyuta huchakaa upesi, kwani inaruhusu makato ya asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Mashine ya sh. milioni 10 hubaki na takriban sh. 950,000 baada ya miaka mitano. Mfanyabiashara anayedai nafuu hiyo ya kodi, kisha akakaa na mashine ileile miaka kumi na mbili bila kuweka akiba ya kuibadilisha, amekula mtaji wake mwenyewe. Ikumbukwe pia kuwa kumbukumbu za kodi hutakiwa kutunzwa kwa miaka mitano; zikifungwa na virusi, wajibu huo haufutiki.

Asiyeweza kununua leo aitenge mashine ya zamani na intaneti, afunge huduma ya kugawana mafaili isiyotumika, na atunze nakala ya hesabu katika diski isiyoachwa imechomekwa. Mifumo ya bure ya Linux nayo ipo, ingawa hiyo pia huzeeka: CentOS 7 ilifikia kikomo Juni 30, 2024.

Wawekezaji wadogo wenye hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam nao wasisubiri gawio tu. Katika mkutano mkuu wa mwaka waulize maswali mawili: ni seva ngapi za kampuni zimepita tarehe ya kuhudumiwa, na ni lini mara ya mwisho nakala za akiba zilijaribiwa kurejeshwa? Mkurugenzi asiye na jibu anaendesha kampuni yenye deni lisiloonekana katika mizania.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe ndilo linalohitaji kufuli.