Figo zetu, hesabu za wengine

Na Rehema Mushi

Msimu wa bajeti ukikaribia, tunatajiwa mashine. Hospitali hii imeongezewa mashine za kusafisha damu, ile imejengewa jengo, kiongozi kakata utepe. Sina ugomvi na mashine. Aliyeshindwa na figo anaihitaji mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, na asiyeipata hana siku nyingi. Novemba 2017, madaktari wa Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini wakishirikiana na wenzao wa hospitali ya BLK ya New Delhi, nilishangilia. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza, kwa msaada wa Wajapani. Kabla ya hapo ilikuwa ni India, kwa mwenye fedha au aliyebahatika kupelekwa na serikali.

Lakini hospitali ya kufundishia kama Muhimbili haikuanzishwa ili itibu tu. Inatakiwa pia izalishe mabingwa na ichunguze maradhi ya watu wake, na hapo kwenye uchunguzi ndipo tumejiegemeza kwa wafadhili.

Upo utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015, wa watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Walipita nyumba kwa nyumba, wakapima damu na mkojo wa watu wazima 481. Ugonjwa sugu wa figo ulikadiriwa kuwapata asilimia 7: mjini ni 15, vijijini 2. Hayo peke yake yanatisha. Kilichonikaa kichwani ni kingine: karibu nusu ya waliokutwa nao hawakuwa na kisukari, wala presha, wala VVU. Washukiwa wote tunaowataja kwenye mabango hawakuwepo! Basi ni nini? Dawa za maumivu tunazozitafuna kama karanga? Mitishamba? Kijiweni kila mtu ana jibu lake. Maabara ndiyo tunayoinyima fedha za kujibu.

Hata kipimo chenyewe kina walakini. Kwa kawaida daktari hupima kwenye damu kreatinini, taka inayotokana na misuli, kisha huiingiza katika kanuni pamoja na umri na jinsia ili akadirie nguvu ya figo. Kanuni ya mwaka 2009, iliyoenea duniani, ilizidisha jibu kwa 1.159 mgonjwa akiwa mweusi, kwa hoja kwamba mweusi ana misuli mingi zaidi. Mkulima wa Rombo anayeshindia mlo mmoja akavishwa misuli ya mtu wa Chicago, na figo zake zikasomeka nzima kuliko zilivyo. Wamarekani wenyewe wamekifuta kizidisho hicho mwaka 2021. Mwaka uliofuata, watafiti waliopima watu wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini wakaonyesha kwamba kanuni za kreatinini huzipa figo sifa zisizo nazo. Tanzania haikuwemo.

Hili si jambo la wasomi kubishana. Figo huchakaa kimyakimya, na anayegundulika mapema hupewa dawa za kuuchelewesha ugonjwa kwa miaka. Anayeambiwa yuko salama kwa hesabu ya kigeni anarudi nyumbani, na tukimwona tena anatafuta kitanda penye mashine.

Watu wa kuifanya kazi hii tunao. Kila daktari anayesomea ubingwa Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS) au KCMC anaandika tasnifu. Wapeni vitendanishi, wapeni nafasi ya kufuatilia wagonjwa kwa miaka badala ya miezi michache ya kuwahi mahafali, muone watakacholeta.

Waheshimiwa wabunge, bajeti ya afya ikifika mezani, tafuteni fungu la utafiti na la kusomesha mabingwa wa figo kando ya fungu la mashine. Msipoliona, msipige makofi.