Upele wa Surua Haurudi Ndani

Kila surua inapozuka, kauli ni ileile uani na barazani: mtoto wa surua hachomwi sindano, upele utarudi ndani umuue. Basi anafungiwa chumbani, anafunikwa khanga, anasubiriwa mpaka upele utoke wote. Wanaosema hivyo si wajinga. Wengi wamelea watoto kuliko mimi. Lakini kauli yenyewe inaua, na heshima kwa wakubwa isitufanye tuinyamazie.

Upele hauna mahali pa kurudi. Unapotokeza kwenye ngozi, virusi vimeshaenea mwili mzima, maana mtoto alivivuta kwa pumzi wiki mbili hivi kabla. Dalili za kwanza ni homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayokimbia mwanga. Mfunue mdomo wakati huo: ndani ya mashavu, usawa wa magego, unaweza kukuta vidoa vyeupe vidogo kama punje za chumvi. Siku chache baadaye upele huanzia usoni na nyuma ya masikio, hushuka kifuani, huishia miguuni. Vitabu vinasema ni mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, hivyo usiusubiri. Pitisha kiganja, utahisi ngozi inaparuza.

Imani hii imepataje nguvu? Nadhani ni kwa mpangilio wa siku. Wauaji wakubwa ni nimonia na kuhara, na mara nyingi mtoto huzidiwa navyo upele ukiwa umeshatoka, au hata umeanza kufifia. Aliyechomwa sindano akafa siku nne baadaye, sindano ndiyo inayolaumiwa. Ambaye hakuchomwa naye akafa, wanasema upele haukutoka vizuri. Imani ya aina hii haishindwi kesi, maana kila msiba inaugeuza kuwa shahidi wake. Na huku nyumba nzima ikikodolea macho ngozi, hakuna anayehesabu pumzi za mtoto.

Sindano inayoogopwa huenda ni ile ya antibiotiki ya kutibu nimonia. Anayefichwa ndani hukosa pia vitamini A, dozi mbili kwa siku mbili mfululizo. Surua humaliza akiba ya vitamini hiyo mwilini, na mtoto mwenye utapiamlo anaweza kubaki kipofu.

Kuna imani pacha: surua ni ya kila mtoto, acha impitie akomae. Wanaosema hivi ni waliopona, bila shaka. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyojaza vichwa vya habari duniani, iliua wapatao 2,300 kwa karibu miaka miwili. Na huko kukomaa hakupo: utafiti wa 2019 ulionyesha kwamba surua inaweza kufuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili za mtoto dhidi ya magonjwa mengine.

Tanzania na Kenya hutoa chanjo ya surua na rubela bure, mtoto akiwa na miezi 9 kisha 18. Ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtoto anatembea, ana afya, mama amerudi kwenye biashara, kadi ya kliniki iko chini ya godoro. Wengine huikumbuka jirani anapougua. Ni kweli chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa inaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali. Ila mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya upele, kwa hiyo kwa watoto wanaocheza naye na kulala naye mkeka mmoja, siku ile upele unapoonekana saa hizo huwa zimeshapita.