Wakaao Chini ya Etna si Wapumbavu

Wenzangu wa Kidato cha Nne huwacheka watu wa kisiwa cha Sicily, Italia, kwa kujenga chini ya Etna, mlima wa moto upitao mita 3,300. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Majivu ya mlima huo, yakiisha kuchakaa, huwa udongo wenye rutuba sana. Humo humea mizabibu na michungwa, na huko Bronte njugu za pistachio (mimi bado sijazionja!). Kweli, mwaka 1669 uji wa mawe ya moto uliufikia mji wa Catania. Lakini mwaka 1992 watu walichimba mfereji, wakalipua ukingo kwa baruti, wakaugeuza uji huo usiiteketeze Zafferana. Je, mzazi usomaye, wewe ungeliacha shamba kama lile?