Kibao cha kinyozi si bango la kampuni

Kinyozi wa Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, jimbo la Maniema nchini Kongo (DRC), hahitaji mengi ili aanze kazi: kiti, kioo, mashine inayotumia sola, na kibao. Kibao chenyewe mara nyingi ni kipande cha triplesi au mlango wa zamani, mchoraji kaweka kichwa cha kijana mwenye nywele zilizochongwa pembeni, na jina la saluni kwa rangi mbili. Kisha anakuja mtu na daftari na kusema kibao hicho kina kodi. Watu hubishana papo hapo kuhusu kiasi. Mimi naona wanaruka swali la kwanza: anayedai, haki hiyo kaitoa wapi?

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haianzishwi ila kwa sheria. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ndiyo inayopanga kazi za miji, komine, sekta na usultani, na hizi ndizo zenye mamlaka na mapato yao wenyewe. Teritwari haimo. Kasongo na Kabambare kama teritwari ni ngazi za utawala wa Serikali, hazina baraza wala mfuko wa kodi zao. Orodha ya kodi na ada ambazo jimbo na ngazi hizo za chini zinaweza kutoza imo katika sheria-amri namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kwa hiyo anayekuja dukani kwa niaba ya sekta, mwenye duka ana haki ya kumuuliza: ada hii imo kwenye orodha? Na kitansi kiko wapi?

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kwa sheria ya 2008, kanuni za sekta zingetoka kwenye baraza la sekta lililochaguliwa na wananchi. Uchaguzi wa madiwani wa tarehe 20 Desemba 2023 ulifanyika kwenye komine za makao makuu ya majimbo tu. Kindu, makao makuu ya Maniema, walipiga kura ya diwani. Sekta za Kasongo na Kabambare hazikupiga. Basi anayepanga bei ya kibao hajaombwa na mtu yeyote kuipanga, na mfanyabiashara hana diwani wa kwenda kumlalamikia. Kanuni ikitoka ofisini hivyo, hata ikiwa nzuri, itaonekana kama ya mtu mmoja.

Simlaumu chefu wa sekta peke yake. Katiba inaagiza asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka majimboni ibaki majimboni, na sheria ya 2008 inataka asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo ishuke kwenye miji, komine, sekta na usultani. Pesa hizo hazishuki inavyotakiwa, na hilo halina siri. Ofisi isiyo na karatasi wala mafuta ya pikipiki itatazama pembeni, na pembeni kuna kibao cha kinyozi.

Ndiyo maana nasema vibao visitazamwe kwa jicho moja. Kibao kinachomwambia mpita njia kwamba hapa ndipo duka la fulani lilipo ni sehemu ya duka, na mwenyewe huwa tayari analipia soko au patenti. Kumtoza tena kwa kuandika jina lake ukutani ni kumtoza kwa kujulikana. Tangazo la kampuni ni jambo jingine. Ukuta wa nyumba ya matofali umepakwa rangi ya Vodacom, Airtel au Orange kutoka msingi hadi bati, na mwavuli wa mama wa M-Pesa unabeba jina kubwa kuliko meza yake. Yeye hakuuchagua, alipewa ili akae kivulini na jina lionekane. Akija mtoza kodi, anayelipa asiwe yeye, bali mwenye jina.

Mtu atasema: kampuni haina ofisi hapa, itamlipa nani? Ndipo jimbo liingie. Kindu inaweza kuitoza kampuni kwa mita za mraba, kisha ikateremsha sehemu iliyoandikwa wazi kwa sekta yenye ukuta huo. Nakubali, mtu aliyekwisha kusubiri ile asilimia 40 atacheka. Lakini kumfuata mama wa mwavuli kwa sababu kampuni iko mbali ni uvivu.

Majirani nao wamehangaika na hili. Kenya, katiba ya 2010 ilizipa kaunti usimamizi wa matangazo ya nje, na Nairobi ikatunga sheria yake mwaka 2018 kupitia bunge la kaunti lililochaguliwa. Tanzania, mwaka 2017, ada ya mabango iliondolewa kwa halmashauri ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na halmashauri zikapoteza chanzo zilichokuwa zikikitegemea. Kote huko wamebishana kuhusu nani akusanye, ila angalau sheria ilimtaja anayekusanya.

Usalama ni suala tofauti na pesa, na hapo sekta haina haja ya kungoja mtu. Bango lisimame mbali na barabara ambako malori na pikipiki vinapishana, lisizibe njia panda, lisifiche kibao cha kituo cha afya wala cha shule. Nguzo iliyoliwa na mchwa ing'olewe kabla ya mvua na upepo kuiangusha juu ya watoto. Hayo yanaweza kukubaliwa kwenye mkutano wa soko, wafanyabiashara wenyewe wakiwepo, bila senti kutoka mfukoni. Ada za vibao vidogo zingoje baraza la sekta. Na kwa ada zilizomo kweli kwenye sheria, viwango vibandikwe kwa Kiswahili kwenye ukuta wa ofisi, mahali ambapo kinyozi anaweza kuvisoma kabla hajafungua mkoba.