Kisangani: Kiingereza kinakwama kwa hofu ya kuchekwa

Tangu DRC ilipoingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa saba 2022, Kiingereza, lugha ya kazi katika ofisi za jumuiya hiyo huko Arusha, kimepata uzito mpya kwa vijana wa Kisangani. Lakini wengi waliokisoma miaka kadhaa shuleni hunyamaza wanapoulizwa swali, wakiogopa kuchekwa.

Mjini humu watu wanajua Lingala na Kiswahili kwa kuongea, kukosea na kusahihishwa. Kiingereza nacho kinadai njia hiyo: mwanafunzi aongee kuliko kunakili ubaoni, na mwalimu asahihishe bila dharau. La sivyo, mpaka utafunguka, na kazi za jumuiya zitachukuliwa na majirani wanaothubutu kusema.